Paa la Mikunjo

Benta Awuor hakujivunia nguo wala nyumba. Alijivunia vitabu. Vilikuwa mia moja sitini na viwili, vimejaa chumba ambacho mtu mwingine wa mtaa ule wa Ruiru angekipangisha, na vyote vilihusu mambo mawili tu: majengo ya kisasa, na kazi za mikono na ubunifu wa Wajapani. Kila kitabu alikivika karatasi ya kaki na kukiandika mgongoni kwa wino mweusi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa michoro ya kiufundi, na herufi zake zilisimama wima kama nguzo zilizopimwa kwa timazi.

Majirani walimheshimu, ila hawakumwelewa. Siku moja Tabby, mama wa nyumba ya pili, alimkuta kibarazani akisoma kitabu cha Kijapani kuanzia jalada la nyuma. Akasimama kidogo, kisha akamwuliza kwa upole kama macho yanamsumbua. Benta hakucheka. Alimkalisha akamwonyesha kwamba kitabu kile huanzia kulia na maandishi yake huteremka kama mvua. Hakuweza kuyasoma hata yeye. Alisoma michoro. Mchoro, alimwambia Tabby, hauna kabila.

Baadhi ya vitabu hivyo ungetembea Kenya nzima usipate kingine kama hicho. Kimoja alikitoa kwa mchuuzi wa Thika aliyekuwa amekitumia kuzuia nailoni isipeperuke, kati ya Biblia kuukuu na hesabu za darasa la sita. Kingine kilimchukua miaka miwili ya kuandikiana na muuza vitabu wa Osaka. Lakini mboni ya jicho lake ilikuwa kitabu cha maungio ya mbao, kilichochapwa Kyoto kabla ya vita, chenye kurasa zilizokunjwa ambazo ukizifungua zilionyesha jinsi boriti mbili zinavyoshikana bila msumari hata mmoja. Hicho hakuna aliyekigusa ila yeye, na kabla ya kukigusa alinawa mikono akaikausha kwa kitambaa.

Mapenzi hayo yalikuwa na chanzo. Baba yake, Tobias Oluoch, alitoka Ugenya akaja Thika akiwa kijana, seremala mwenye msumeno wake mwenyewe. Mwaka wa sabini na moja kiwanda kimoja cha nyuzi kilijenga ukumbi wa kulia wafanyakazi, na msanifu wake alikuwa Mjapani aitwaye Sakuma. Paa la ukumbi ule lilikuwa zege nyembamba iliyokunjwa-kunjwa, mkunjo kwa mkunjo, kama karatasi ambayo mtoto anaitengenezea kipepeo. Zege haijikunji yenyewe. Huhitaji kalibu ya mbao ya kumwagiwa, na kalibu hiyo ilitengenezwa na Oluoch na mafundi kumi na wawili waliokuwa chini yake. Benta alikuwa na miaka tisa. Alikuwepo siku mbao zilipoondolewa na paa likabaki hewani peke yake, na hakuwahi kusahau jinsi watu wazima walivyonyamaza.

Miaka yote baadaye baba yake alisimulia mambo mawili kuhusu kazi ile. La kwanza, kwamba alibishana na Mjapani akashinda. La pili, kwamba Mjapani alimpiga picha akamwambia itaingia kwenye kitabu. Wanawe walisikiliza hadithi hizo hadi wakazichoka. Odera, kaka yake Benta, alikuwa akisema, "Baba ni fundi wa mbao na wa maneno pia." Mzee alifariki mwaka wa tisini na nne bila mtu kuona kitabu chochote. Mwaka wa elfu mbili na nane kiwanda kikabadilisha wenyewe, ukumbi ukabomolewa, pakajengwa ghala la mabati. Benta alikwenda akasimama nje ya ua akatazama nyundo za mashine zikilipiga paa lile. Lilichukua siku nne kukubali kuanguka. Wiki iliyofuata alinunua kitabu chake cha kwanza.

Sehemu zile zilikuwa na mtu mwingine mmoja tu mwenye wazimu kama wake. Aliitwa Njau, mkazi wa Thika, mzee wa miaka sabini na mbili aliyefanya kazi ya kukadiria gharama za majengo hadi alipostaafu. Njau alihifadhi vitabu vyake katika makabati ya vioo yenye kufuli. Alikuwa navyo zaidi ya mia tatu na hakuacha kuvitaja. Walikutana miaka kumi na mitano iliyopita, wote wawili wameshika ncha mbili za kitabu kimoja katika mnada wa vitabu vya maktaba, na tangu siku hiyo walikuwa marafiki kwa namna ya majogoo wawili wanaokula katika boma moja. Daima Benta ndiye aliyekwenda Thika. Njau hakuwahi kukanyaga Ruiru. Aliona kwamba mwenye vitabu vingi ndiye hutembelewa.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba Njau akampigia simu.

"Mwalimu, kesho kuja. Nimepata kitu."

"Kitu gani, Baba Nyawira?"

"Wewe kuja tu. Na usikunywe chai huko, utakunywa hapa."

Benta alijua maana yake. Njau hakumwita mtu kumwonyesha kitu cha kawaida.

Jumamosi alimkuta mzee amevaa sweta yake ya kijani na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani. Mezani palikuwa na kitabu kipana ndani ya kasha la karatasi ngumu la rangi ya majivu. Mhadhiri mmoja mgeni alikuwa amefia Kahawa Wendani, Njau alieleza, na jamaa zake walipokuwa wakiondoa vitu nyumbani walimwita aje achague kabla vingine havijapelekwa kufungia nyama.

"Nakala mia tatu tu zilichapwa," Njau akasema, akikitoa kitabu kwenye kasha polepole. "Sabini na nne, Tokyo. Hii kitabu hata huko kwao ni shida kuipata. Nimeuliza."

"Ni ya nani?"

"Msanifu mmoja hivi hakujulikana sana. Sakuma."

Benta aliweka kikombe chini. Alivuta kiti, akanawa mikono kwa maji ya jagi kwenye beseni lililokuwa hapo, akaifuta, akaanza kufungua kurasa kutoka kulia. Kulikuwa na nyumba za mbao kando ya milima. Kulikuwa na shule, na stesheni ya reli. Halafu alifungua ukurasa mwingine na lile paa likamtazama, jeupe, na anga la Thika nyuma yake. Ukurasa uliofuata ulikuwa na kalibu za mbao kabla ya zege kumwagwa. Na mbele ya kalibu alisimama mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni, futi ya mbao iliyokunjwa mkononi, kidevu kimeinuka kidogo kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa kijana kuliko alivyobaki katika kumbukumbu ya Benta.

"Unakunywa chai ama unaitazama?" Njau akauliza. Kisha akaona uso wake. "Ni nini?"

"Huyu ni baba yangu."

Njau akainama, akabadilisha miwani, akatazama. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya kumbembeleza, "mtu akikaa sana na picha za zamani, kila mtu anafanana na babake."

"Simfananishi. Ile futi ninayo nyumbani."

"Sikatai. Lakini hata kama ni yeye, hawa watu wa picha walikuwa wanaandika tu hivi: fundi Mwafrika kazini. Hakuna jina hapo. Ni vizuri usiweke moyo."

Alisema hivyo kwa nia njema, na ndiyo maana yalimchoma zaidi. Benta alikaa wima. Chini ya picha palikuwa na mistari saba ya maandishi ya Kijapani. Mistari saba, akawaza, ni mingi mno kwa kusema fundi Mwafrika kazini.

"Tusome kwanza," akasema. "Tukishasoma ndipo utanionea huruma."

Njau akatoa simu yake, akaielekeza ukurasani ili itafsiri. Simu ikafikiri, ikawaza, halafu ikaandika: *Bonde limelala. Joka kuu la mbao linafundisha mvua. Siku tatu za ugomvi. Kiganja.*

Wakatazamana. Njau akaijaribu tena, na safari hii joka likawa baba wa joka.

"Atiriri," Njau akanong'ona. "Hii simu imelewa."

Lakini Benta alikuwa ameshika ukingo wa meza. Siku tatu za ugomvi. Kiganja. Maneno hayo aliyajua.

"Nyawira yuko wapi?" akauliza.

Nyawira alikuwa bintiye Njau, mhadhiri wa usanifu majengo katika chuo kikuu cha Juja. Alikuwa amesomea Japani miaka sita. Kwa bahati nzuri alikuwa njiani, kwani Jumamosi alikula chakula cha mchana kwa baba yake. Walimngoja dakika arobaini. Njau alizungumza habari za mvua na bei ya maziwa, na Benta akamjibu bila kujua alichomjibu.

Nyawira aliingia na mfuko wa maembe, akawasalimu. "Niaje, Daddy. Shikamoo, Anti Benta. Mbona mko serious hivyo?"

"Soma hapa," baba yake akamwambia. "Soma pole pole."

Nyawira aliketi akasoma kimya, midomo ikitikisika. Alifika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akamtazama Benta.

"Anti, jina la baba yako lilikuwa nani?"

"Tobias Oluoch."

"Sawa," Nyawira akasema, na sauti yake ikawa ya chini. "Simu imesoma Oluoch ikadhani ni *orochi*. Kwa Kijapani hilo ni joka kubwa. Waliandika jina walivyolisikia. Lakini hapa mwanzo kuna neno *tōryō*. Hilo hawampi fundi yeyote tu. Ni fundi mkuu, yule anayeshika jengo lote mkononi, kila seremala yuko chini yake. Kule mtu anaweza kufanya kazi maisha yote na asiitwe hivyo."

Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, bila kuugusa, akawatafsiria:

"*Fundi mkuu Tobias Oluoch, Thika, Machi 1971. Mchoro wetu ulilaza bonde la paa bila mteremko. Alituambia maji yatatuama na zege itaoza. Tulibishana naye siku tatu. Siku ya nne tuliinua ncha moja kwa upana wa kiganja chake, kama alivyosema. Mvua za Aprili zilipokuja tulisimama chini ya paa tukiwa wakavu. Jengo hili lina wasanifu wawili.*"

Benta alivuta kitabu karibu. Alitazama picha ya baba yake, na mara hii hakuona kijana aliyekatizwa sentensi. Aliona mtu aliyekuwa amemaliza kusema, na aliyekuwa akingoja mvua zitoe uamuzi.

"Alikuwa akituonyesha kiganja," akasema mwishowe. "Sisi tukidhani ni mbwembwe. Anasema, nyara, binti yangu, kiganja hiki kilimshinda Mjapani. Tunacheka."

Njau alivua miwani yote miwili. "Mwalimu, nilisema kitu kibaya hapo awali."

"Ulisema unachokijua."

"Hapana. Nilisema nisichokijua. Hiyo ndiyo mbaya."

Ila kitabu kilikuwa cha Njau, na wote watatu walijua hivyo. Nyawira alimtazama baba yake, baba yake akatazama dirisha. Benta aliona mtazamo ule na hakutaka kuingia ndani yake. Hakuja kuomba. Alimwomba Nyawira amwandikie tafsiri kwenye karatasi, akaikunja, akala chakula, akashukuru, akarudi Ruiru. Jioni hiyo alimpigia Odera kule nyumbani akamsomea yale maneno. Odera akamwomba asome tena, na akamwita mkewe na watoto waje wasikilize.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, mtu alibisha mlango. Alikuwa Njau, na sweta ile ya kijani, na kifurushi kikubwa kwapani. Benta alisimama mlangoni akamtazama kana kwamba Mlima Kenya umeamua kumtembelea.

"Hukuniambia unakuja."

"Ningekuambia ungepika. Sikuja kula."

Alikula hata hivyo: chai ya maziwa, viazi vitamu na njugu. Halafu akafungua kifurushi na kuweka mezani kitabu cha Sakuma ndani ya kasha lake.

"Ni yako," akasema. "Nimelala nacho wiki nzima. Kila nikifungua, huyo mzee ananiangalia kama nimekaa kwa kiti chake."

Moyo wa Benta uliruka, lakini mkono wake haukutoka mapajani. "Asante, Baba Nyawira. Siwezi kukipokea."

"Kwa nini?"

"Baba yangu hakupokea kitu cha bure hata siku moja. Na wewe hujawahi kutoa kitu cha bure tangu nikujue. Tusianze leo, uzee huu. Ingia chumbani uchague."

Njau aliingia. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amesikia habari za chumba kile na kukidharau kimoyomoyo. Sasa alitembea rafu kwa rafu, mikono mgongoni, kama afisa anayekagua gwaride, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyopunguza mwendo. Alisoma migongo yote mia moja sitini na miwili. Mara mbili alitikisa kichwa. Mara moja alisema "Kai," peke yake, kwa sauti ndogo ya mshangao, na Benta aliyekuwa mlangoni akajifanya hakusikia, ila alisimama mrefu zaidi.

Mwishowe Njau alitoa kitabu chembamba cha majengo ya shule, kizuri, lakini ambacho kingepatikana kwa mtu mwenye subira.

"Hicho cha kunionea huruma," Benta akasema. "Kirudishe."

"Mwalimu."

"Ukichukua hicho unamwambia baba yangu kwamba picha yake ina thamani ya hicho. Chagua vizuri."

Njau alikirudisha. Akaenda moja kwa moja hadi rafu ya juu upande wa dirisha, mahali ambapo macho yake yalikuwa yametua tangu alipoingia. Akaweka kidole kwenye kitabu cha maungio, kile cha Kyoto. Hakukitoa. Aligeuka akamtazama kwanza.

Benta alihisi uchungu ukimpita kama kisu kinavyopita kwenye mkate. Alikuwa na kitabu kile miaka kumi na mmoja. Alijua kila ukurasa wake uliokunjwa. Lakini chini ya uchungu palikuwa na kitu kingine kigumu na kitulivu, na kitu hicho kilikuwa fahari. Mtu anayejua vitabu kuliko yeyote Thika alikuwa ameulizwa picha ya Tobias Oluoch ina thamani gani, naye ameonyesha kilicho bora kuliko vyote.

"Sasa umechagua," akasema. "Nawa mikono kabla ya kukitoa."

Njau alinawa, akafungua ukurasa mmoja mrefu, akautazama bila kupumua. Kisha akaomba karatasi ya kaki ya ziada. Alipoondoka, Benta alimsindikiza hadi lango kuu la mtaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mgeni mwingine.

Mwezi wa tisa Nyawira alimwomba aende Juja. Alikuwa na darasa la mwaka wa tatu linalosoma mapaa, akasema, na alikuwa amechoka kuwaonyesha majengo ya mbali wakati lililowahusu liliwahi kusimama kilomita chache kutoka hapo. Benta alivaa gauni lake la kitenge la harusi ya binti wa Odera. Alikibeba kitabu yeye mwenyewe, hakukubali kusaidiwa.

Wanafunzi walikuwa arobaini na kitu. Mwanzoni walimwona bibi fulani aliyeletwa kusimulia zamani, nao wakategemeza mashavu kwenye viganja. Kisha Nyawira akaiangaza picha ile kwenye ukuta mweupe, kubwa kama mlango, akasoma maandishi kwa Kijapani na kwa Kiswahili. Alipofika kwenye wasanifu wawili, mashavu yaliinuka kutoka viganjani.

"Huyo ni fathe yako?" kijana mmoja wa nyuma, Mutisya, akauliza.

"Ndiye."

"Na alikuwa amesoma?"

"Darasa la nne, Ugenya. Kisha akasoma mbao miaka ishirini."

Benta alichukua kalamu ya ubao. Hakutumia rula. Alichora mikunjo mitatu ya paa kwa mstari mmoja mrefu usiotetereka, akachora bonde katikati, akaonyesha maji yangesimama wapi kama ncha isingeinuliwa. Alikuwa amefundisha michoro miaka thelathini na mbili na hajawahi kuchora kitu kwa mkono mtulivu hivyo. Mnong'ono ukapita darasani, wa watu wanaojua mstari mzuri wanapouona.

Msichana wa mbele, Cindy, aliinua mkono. Alikuwa amekunja uso. "Mwalimu, samahani, lakini kiganja hakitoshi. Kwa mvua za siku hizi, na urefu wa bonde hilo, mimi ningeinua mara mbili."

Nyawira alikaribia kumkatiza. Benta alimzuia kwa jicho. Alimtazama yule msichana, kidevu chake kilivyoinuka.

"Mara mbili?"

"Naam. Kwa kiganja kimoja maji yatakimbia, lakini majani yatabaki na kuziba."

"Na ukuta wa ncha ile utaufanyaje? Umeufikiria uzito?"

"Nimeufikiria."

"Njoo uchore," Benta akamwambia, akampa kalamu.

Cindy akaja, akachora, Benta akafuta sehemu, Cindy akairudisha, Mutisya akashuka kutoka nyuma akasema wote wawili wamekosea, na muda wa kipindi ukapita pasipo mtu kuangalia saa. Mhadhiri wa kipindi kilichofuata alifungua mlango akakuta watu wanane ubaoni. Alisimama akalitazama paa, akatafuta kiti upande wa nyuma, akaketi, na akawaambia waendelee.